Spektrum, Futaba, FlySky, EdgeTX au Jeti: uchague rimoti gani kwa ndege na helikopta zako?

Rimoti unainunua mara moja. Risiva, yaani kipokezi kinachokaa ndani ya ndege, unainunua kila unapoongeza ndege. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Wanatazama ukubwa wa kioo na wingi wa swichi, kumbe uamuzi mzito ni ule wa itifaki, yaani namna rimoti na risiva zinavyoelewana hewani. Risiva ya Futaba haitambui rimoti ya Spektrum, hata kama zote mbili zinatumia gigahezi 2.4. Ukishafika ndege ya nne au ya tano, kila moja na risiva yake ndani, kuhama mfumo kunauma mfukoni.

Kabla ya 2.4 kuenea, katikati ya miaka ya 2000, tatizo lilikuwa jingine. Warushaji wa Ulaya walitumia megahezi 35, wa Marekani 72, na kila rimoti ilikuwa na kristali ya chaneli yake. Kiwanjani paliwekwa ubao wa vibanio: asiye na kibanio cha chaneli yake hawashi rimoti. Wawili wakiwasha chaneli moja kwa pamoja, ndege iliyoko angani inaanguka. Siku hizi rimoti hurukaruka masafa zenyewe na hazigombani. Kwa hiyo ukikuta rimoti ya kristali inauzwa kwa bei ya kutupa, mwachie mkusanyaji wa vitu vya kale.

## Vigezo kabla ya majina

Kiungo, yaani mawasiliano ya redio kati ya rimoti na ndege. Kwa anayerusha ndege anayoiona kwa macho, umbali si suala kubwa kama matangazo yanavyodai. Karibu kila mfumo wenye jina hufika mbali kuliko jicho linavyoweza kutambua ndege imeinamia upande gani. Kinachotofautisha mifumo ni tabia yake mawimbi yanapopungua: inarejea haraka kiasi gani, ina antena ngapi, na inaamuru nini kiungo kikikatika kabisa. Amri hiyo ya dharura, kwa kawaida mota izime na usukani utulie, uiweke mwenyewe na uijaribu ukiwa chini: ndege ishikwe imara, rimoti izimwe, mota itazamwe.

Niongeze hapo hapo kwamba lawama nyingi zinazotupiwa chapa, kwa maoni yangu, ni za ufungaji. Sehemu ya antena inayopokea mawimbi ya 2.4 ina urefu wa milimita 31 hivi, robo ya wimbi. Ukiilaza juu ya kaboni au nyuma ya betri, umeiziba. Kama risiva ina antena mbili, zielekeze kwa pembe ya digrii 90 baina yao, ili ndege ikigeuka na moja ikapoteza mawimbi, nyingine iendelee kuyapata. Na risiva za kisasa ni kompyuta ndogo: sevo (mota ndogo zinazosogeza usukani) zikivuta umeme mwingi mpaka volti ishuke mno, risiva huzima na kuwaka upya angani. Hapo hakuna chapa itakayokuokoa.

Risiva. Zina aina ngapi, zinapatikana kwa urahisi gani, na je, kuna ndege zinazouzwa zikiwa nazo tayari ndani?

Menyu. Baadhi ya rimoti hukuuliza maswali machache na kukupangia kila kitu. Nyingine hukukabidhi ukurasa mtupu. Hakuna iliyo bora kwa wote. Inategemea kama unapenda kukaa mezani au unataka tu kwenda kurusha.

Helikopta. Ndege ya kawaida inahitaji chaneli nne, yaani njia nne za amri: eleroni (vibao vya mabawa vya kuinamisha ndege upande), eleveta (kibao cha mkia cha kupandisha na kushusha pua), nguvu na usukani wa mkia. Ukitaka flapu (vibao vya mabawa vya kuruka polepole) na magurudumu ya kukunja, unafika sita. Helikopta yenye mapanga yanayobadili pembe huanzia sita: nne zile zile, ya tano ya unyeti wa jairo ya mkia (sensa inayozuia mkia kuzunguka ovyo), ya sita ya pembe ya mapanga. Sevo tatu zilizopangwa kwa digrii 120 husukuma kwa pamoja sahani ya rota (inayoinamisha mapanga na kubadili pembe yake), na rimoti lazima iwe na mkunjo wa nguvu, mkunjo wa pembe (yaani jinsi nguvu na pembe zinavyofuata kijiti), na swichi ya kukata mota papo hapo.

Lakini kigezo hiki kimebadilika. Helikopta za leo zina kidhibiti cha rota ndani yake, chenye jairo tatu, kinachofanya hesabu zote za sahani. Rimoti inatuma amri ghafi tu, na risiva inazipitisha kwa kidhibiti kwa waya mmoja. Swali la maana sasa ni kama unaweza kurekebisha kidhibiti hicho kutoka kwenye rimoti, au itakubidi ubebe kompyuta mpaka kiwanjani.

Mkononi. Vijiti vyenye sensa za sumaku havichakai kama vile vya vipingamizi vya kusugua. Halafu kuna suala la modi: modi 2 huweka kijiti cha nguvu kushoto, modi 1 hukiweka kulia. Fuata modi ya anayekufundisha. Akilazimika kukuokoa angani, hatakuwa na muda wa kufikiria.

## Spektrum

Kiungo na risiva. Itifaki ya sasa ni DSMX, inayorukaruka kwenye chaneli 23 za masafa. Mtangulizi wake, DSM2, ulichagua chaneli mbili wakati wa kuwasha na kubaki hapo, jambo lililokuwa na shida viwanja vilipojaa. Risiva kubwa hukubali risiva saidizi ndogo unazozisambaza ndani ya ndege, na huo ni mpango mzuri kwa ndege yenye kaboni nyingi.

Nguvu halisi ya Spektrum, hata hivyo, ni duka lililo nyuma yake. Ni chapa ya Horizon Hobby, kampuni hiyo hiyo inayouza ndege za E-flite na helikopta za Blade. Nyingi huja na risiva ndani, zikiwa na alama ya Bind-N-Fly: unaoanisha, unaweka betri, unaruka. Ndani kuna mfumo wa AS3X unaopunguza kuyumbishwa na upepo, na katika nyingi kuna SAFE, unaomzuia mwanafunzi kuipindua ndege na unaoisawazisha akiachia vijiti.

Menyu. Nyepesi na zenye mpangilio. Unachagua aina ya bawa na mkia, rimoti inagawa chaneli yenyewe. Angalizo kwa wanaohamia: Spektrum huweka nguvu kwenye chaneli ya 1, wakati Futaba na FlySky huanza na eleroni. Ukihamisha nyaya bila kukumbuka hilo, mota inaweza kuwaka ukigusa kijiti cha eleroni. Toa rafadha kwanza.

Helikopta. Kwa helikopta ndogo za Blade, hii ndiyo njia fupi kuliko zote. Mikunjo na hali za kurukia zipo zote, na baadhi ya risiva zenye jairo hurekebishwa moja kwa moja kutoka kwenye menyu ya rimoti.

Inamfaa nani. Anayetaka kununua ndege zilizo tayari na kuzirusha siku hiyo hiyo. Kinachokera ni kwamba mfumo umefungwa na risiva zake halisi si za bei rahisi. Nakala za watengenezaji wengine zipo. Zipime umbali kwa makini kabla ya kuziamini na ndege unayoipenda.

## Futaba

Kiungo na risiva. Kampuni ya Japani yenye sifa ya kiungo kisichotetereka, na sifa hiyo imeipata kwa haki. Tatizo ni wingi wa itifaki: FASST, S-FHSS, T-FHSS, FASSTest. FASST na S-FHSS hazirudishi taarifa zozote kutoka angani. T-FHSS na FASSTest zinarudisha volti, kimo na kadhalika. Si kila rimoti ya Futaba huzungumza na kila risiva ya Futaba, hivyo soma lebo kabla ya kulipa, hasa ukinunua kitu kilichotumika.

Futaba pia ndiyo iliyoleta S.Bus, waya mmoja unaobeba chaneli 16 badala ya waya mmoja kwa kila sevo. Leo vidhibiti vya helikopta na droni za chapa nyingine kabisa husoma S.Bus, na huo ni urithi unaofaidisha hata wasiowahi kushika Futaba.

Menyu. Kamili, ila za zamani kidogo kwa mtindo. Rimoti za ngazi ya chini ni rahisi. Za juu zina kina cha kutosha kwa glaida (ndege inayoelea bila injini) ya mashindano yenye sevo sita kwenye mabawa.

Helikopta. Imetukuka hapa. Jairo zake za mkia zilitumiwa na warushaji wengi waliokuwa na rimoti za chapa nyingine, na vidhibiti vyake vya rota vinaendelea na mila hiyo.

Inamfaa nani. Anayejenga ndege zake mwenyewe, anayekaa na kifaa miaka mingi, na asiyejali kukosa ndege zilizo tayari zenye risiva ya chapa yake.

## FlySky

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu kuna kidogo cha kusema, na hilo si tusi. FS-i6 ina chaneli sita, FS-i6X ina kumi, zote mbili zinatumia betri nne za kawaida za AA, na risiva zake ni za bei nafuu mno.

Kiungo na risiva. Itifaki ya AFHDS 2A inatosha kabisa kwa ndege ya mafunzo inayoonekana. Usidhani tu kwamba amri ya dharura imeshapangwa. Ingia kwenye menyu ya risiva uiweke, chaneli kwa chaneli.

Menyu. Kioo cha rangi moja, vitufe vya kupapasa, lakini yote ya msingi yamo. Helikopta: mpangilio wa sahani na mikunjo upo, na kwa helikopta ndogo yenye kidhibiti chake utafanya kazi. Kwa kubwa, vijiti vyake vyepesi na uhaba wa swichi vitakuchosha.

Inamfaa nani. Anayetaka kujua kama burudani hii ni yake kabla ya kuzama, au mwalimu anayehitaji rimoti kadhaa za wanafunzi.

## Rimoti za EdgeTX

Hii si chapa moja bali ni familia. EdgeTX ni programu huria iliyochipuka kutoka OpenTX, ile iliyopata umaarufu kupitia Taranis X9D ya FrSky. FrSky yenyewe sasa imehamia kwenye programu yake inayoitwa ETHOS. Rimoti nyingi za EdgeTX utakazokutana nazo ni za RadioMaster: TX16S yenye kioo cha rangi, Boxer, Zorro, Pocket.

Kiungo na risiva. Unapata njia mbili. Ya kwanza ni moduli ya itifaki nyingi, yenye chipu nne za redio ndani, inayoweza kuongea DSMX, FlySky, itifaki kadhaa za FrSky, S-FHSS ya Futaba na vindege vingi vya kuchezea. Mwenye ndege za chapa tofauti hapumui vizuri mpaka apate kitu kama hiki.

Ya pili ni ExpressLRS, itifaki huria iliyojengwa juu ya LoRa, mbinu ya redio ya masafa marefu. Inapatikana kwenye gigahezi 2.4 na kwenye megahezi 868 au 915, kutegemea sheria ya redio ya unakoishi. Inafika mbali kwa nguvu ndogo, ina kasi kubwa (mara 250 au 500 kwa sekunde ni jambo la kawaida), na risiva zake ni ndogo na za bei nafuu. Ilianza kupendwa na watu wa droni za mbio, na alama za asili yake bado zinaonekana. Toleo kuu la programu kwenye rimoti na kwenye risiva lazima lilingane. Risiva ya toleo la 2 haiungani na rimoti ya toleo la 3. Na katika mipangilio yake ya kawaida chaneli ya 5 hubeba hali mbili tu, kuwashwa na kuzimwa, kwa kuwa droni huitumia kuruhusu mota. Ukiweka unyeti wa jairo au flapu hapo, utashangaa kwa nini haiendi katikati. Chaneli zinazofuata nazo zinaweza kuwa na hatua chache, kwa hiyo kwa helikopta chagua mpangilio unaoipa chaneli ya pembe ya mapanga usahihi kamili.

Menyu. Ukurasa mtupu niliousema. Hakuna kitu kinachoitwa "ndege yenye flapu" mpaka ukijenge kwa ingizo, michanganyiko na swichi za mantiki, ingawa kuna msaidizi wa kuanzia. Faida yake ni kwamba karibu hakuna usichoweza: rimoti itamke volti kwa sauti, ikatae kuwasha mota mpaka swichi tatu ziwe sawa, ihifadhi ndege zako kwenye kadi ya kumbukumbu na kuzinakili kwenye kompyuta. Hasara ni kwamba inakuruhusu pia kupanga upuuzi mtupu bila kukuonya.

Helikopta. Miaka ya nyuma ningesita. Sasa kuna Rotorflight, programu huria ya kidhibiti cha rota, na ukiiunganisha na ExpressLRS unarekebisha kila kitu kutoka kwenye kioo cha rimoti, pamoja na gavana, sehemu inayoshikilia mwendo wa rota usibadilike. Inahitaji uvumilivu wa kusoma.

Inamfaa nani. Mdadisi, mwenye ndege mchanganyiko, mtu wa droni anayeongeza ndege na helikopta, na yeyote ambaye risiva nyingi kwa bei ndogo ni muhimu kwake. Asiyependa kusasisha programu asiingie humu.

## Jeti

Kiungo na risiva. Kutoka Jamhuri ya Czech. Rimoti zake kubwa zina moduli mbili za kurushia mawimbi, na telemetria (taarifa zinazorudi kutoka angani) haikuongezwa baadaye bali ndiyo uti wa mgongo wa mfumo. Kwa anayerusha ndege ya jeti yenye injini ya tabo (turbini), kupata halijoto, mafuta na volti za betri mbili kwa sauti sikioni ni sehemu ya usalama. Warusha glaida nao huipenda kwa sababu ya sauti inayopanda na kushuka kufuata hewa inayoinuka.

Menyu. Zina uhuru karibu sawa na EdgeTX, lakini zimepangwa kwa nidhamu zaidi. Baadhi ya uwezo kwenye rimoti za ngazi ya chini hufunguliwa kwa malipo ya ziada, jambo ambalo wengine huliona haki na wengine huliona ukamuaji.

Helikopta. Nzuri sana: vidhibiti kama Spirit hurekebishwa kutoka kwenye menyu zake. Inamfaa nani: mwenye ndege kubwa ambazo thamani yake inaipita rimoti mara nyingi, na anayethamini vijiti vya chuma vilivyochongwa kwa usahihi.

Anayerusha helikopta tu aitazame pia kampuni ya Mikado ya Ujerumani. VBar Control yao ni rimoti na kidhibiti cha rota vilivyobuniwa kama kitu kimoja. Huhitaji kupanga mikunjo wala sahani kwenye sehemu mbili tofauti. Kwa ndege za kawaida si chaguo la kwanza.

## Kulingana na hali yako

Kuna klabu au mwalimu karibu? Nunua anachotumia yeye, hata kama si nilichokisifu hapa. Kuoanisha rimoti ya mwanafunzi na ya mwalimu, kuazima risiva, kupata mtu anayezijua menyu hizo kwa moyo: hayo yanashinda tofauti zote za karatasi.

Uko peke yako na unaanza na ndege ya mafunzo: Spektrum yenye ndege ya SAFE itakufikisha hewani kwa taabu ndogo kabisa. Kama bajeti haifiki, FlySky na ndege ya povu, ukitanguliza saa za kutosha kwenye simuleta. Rimoti nyingi za EdgeTX huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB na kutambulika kama kidhibiti cha mchezo, na kwa helikopta mimi naona simuleta ni lazima.

Unaanza moja kwa moja na helikopta ya mapanga ya kubadili pembe: Blade ndogo kwa Spektrum kama hutaki ufundi, EdgeTX na Rotorflight kama ufundi ndio unaokuvutia, VBar kama una fedha na hutaki kingine.

Unarusha glaida au unajenga ndege kubwa: Futaba au Jeti, na tofauti yao kwako itakuwa zaidi kwenye telemetria na kwenye mkono kuliko kwenye usalama.

Tayari una ndege tatu za Spektrum na unatamani ExpressLRS: usiuze chochote bado. Rimoti ya EdgeTX yenye moduli ya itifaki nyingi itaendelea kurusha hizo tatu, na ndege mpya utaziwekea risiva mpya. Zikishaoanishwa, pima upya umbali wa kila moja kwa nguvu iliyopunguzwa, kama hatua 30 kutoka kwenye ndege, mota ikizunguka na mtu ameishika. Mota ndiyo inayoleta kelele za umeme. Kipimo kilichofanywa ikiwa imezimwa kinakueleza nusu tu ya jambo.